Jino likicheza, usikimbilie kung'oa

Hapa Lamu, jino likianza kucheza, shauri utakalopewa barazani ni moja: nenda ukaling'oe. Magego yangu ya chini yalikuwa yakicheza, ufizi ukitoka damu na usaha, na mpaka leo ninayatafunia. Ndiyo maana nakusihi umwombe daktari wa meno akupime ufizi kwanza.

Kipimo ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, huingizwa taratibu kati ya jino na ufizi. Penye afya huingia milimita 1 hadi 3. Ikifika 5 na kuendelea, ufizi umeachana na jino na kufanya mfuko, na mswaki haufiki huko chini. Kwanza hukwanguliwa ukoga mpaka mizizini, halafu baada ya wiki kadhaa hupimwa tena. Wengi huishia hapo. Mfuko ukibaki na kina na damu ikiendelea kutoka, ndipo upasuaji hutajwa.

Jina latisha kuliko kazi yenyewe. Unachomwa sindano ya ganzi, ufizi unakatwa na kufunuliwa, daktari anauona mzizi kwa macho na kuusafisha, anaondoa nyama mbovu, kisha anashona. Muulize ufizi ataushonea wapi, maana tofauti kubwa iko hapo. Njia ya Widman iliyorekebishwa, waliyoieleza wataalamu Ramfjord na Nissle mwaka 1974, huurudisha karibu na pale ulipokuwa. Nyingine huusogeza kuelekea mzizini ili mfuko usibaki na kina. Kwa njia hii ya pili meno huonekana marefu, na maji baridi huweza kuyachoma. Kwa magego nilikubali bila wasiwasi. Meno ya mbele, yanayoonekana ukicheka, shaurianeni vizuri.

Mwenye sukari aidhibiti kwanza. Sigara na tambuu ya tumbaku ziachwe, kwani huchelewesha kidonda kupona. Ukitibiwa Mombasa, lala huko. Ganzi ikiisha, safari ya basi mpaka Mokowe na kisha boti ni adhabu. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili. Inapowezekana, usiupange upasuaji Ramadhani, upate dawa na uji uliopoa kwa wakati wake. Penye nyuzi usipitishe mswaki, sukutua dawa ya klorheksidini kama ulivyoelekezwa.

Baadaye utahitaji kusafishwa mara kwa mara, mara nyingi kila miezi 3. Kama nauli hiyo huimudu, mwambie daktari kabla hajakukata, mpange pamoja utakavyofuatiliwa karibu na nyumbani, maana bila usafi huo mifuko hurudi.