Wanaume nao hawaridhiki na miili yao, ila huwasikii wakisema

Dada mleta mada, umeuliza kwa nini sisi wanaume tunaonekana kuridhika na miili yetu ilhali nyie kila siku mnaikosoa yenu. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Nikiwa na miaka 23 nilikuwa na kilo 54. Ndani ya shati nilivaa fulana mbili, hata jua liwe kali vipi, ili mabega yajae. Nikikaa na watu nilikunja mikono kifuani na kuisukuma misuli kwa ngumi kutokea chini, ionekane minene. Wakinitania kwamba upepo utanibeba, nacheka nao. Nikirudi chumbani nafunga mlango, najipima mkono kwa utepe wa fundi cherehani. Ungeniuliza wakati ule kama naridhika na mwili wangu, ningekujibu ndiyo bila kusita.

Ndiyo maana nina shaka na hayo majibu ya "wanaume wameridhika". Kuna utafiti maarufu wa April Fallon na Paul Rozin wa mwaka 1985, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Walionyeshwa michoro 9 ya miili, kuanzia mwembamba sana hadi mnene sana, wakaambiwa wachague ulio kama wao, ule wanaoutamani, na ule wanaodhani unavutia jinsia nyingine. Kwa wanaume, kwa wastani, majibu yote matatu yalikaribiana. Wanawake walijiona wanene kuliko walivyotamani, tena walidhani wanaume wanapenda wanawake wembamba kuliko wanaume wenyewe walivyosema.

Sasa angalia hapo kwenye wastani. Mwanaume mmoja anatamani kupungua, mwingine kama mimi anatamani kuongezeka. Ukiwajumlisha, mmoja anamfuta mwenzake, na unabaki na picha ya watu waliotulia. Isitoshe, michoro ile ilipima unene na wembamba, wakati mimi nilikuwa nalilia misuli. Mwaka 1997 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Harrison Pope, na wenzake waliandika kuhusu watu wenye miili iliyojengeka haswa ambao bado wakijitazama kwenye kioo wanajiona wadogo. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka jamaa mmoja tuliyekuwa tukinyanyua naye vyuma. Kifua chake kilikuwa mara mbili ya changu, na havui sweta mpaka amalize mazoezi.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba mzigo ni sawa. Si sawa. Mke wangu hupanda mizani kila asubuhi kabla ya kuoga, na nikimpiga picha anaikuza mpaka ubakie mkono wake tu, kisha ananiambia nifute. Alipojifungua, watu wazima na akili zao walimsalimia kwa kuanzia tumboni. Shangazi, wafanyakazi wenzake, hata mtu aliyekutana naye mara moja, kila mmoja alikuwa na la kusema. Mimi nilitaniwa na rafiki zangu basi, na nilipofikisha miaka 30 hata wao waliacha. Yeye hajaachwa mpaka leo. Na kinachoniuma ni kwamba nikimwambia amependeza, anadhani namfariji.

Umesema kaka yako anashinda jimu na anadai hana tatizo lolote. Huenda ni kweli, mazoezi ni afya. Ila usimuulize kama anaupenda mwili wake, atakujibu ndiyo kama nilivyokuwa najibu mimi. Muulize kuna mahali gani anakwepa kwenda, au nguo gani hawezi kuvaa mbele za watu. Mimi jibu langu lingekuwa kuogelea. Miaka 4 sikuingia majini, na kila mtu aliamini naogopa maji.