Hakuna aliyenilazimisha

Watu wakisikia niliwahi kuwa teja, huuliza ni nani alinilazimisha. Hakuna. Nilikuwa na miaka 15, tumekaa watano ukutani baada ya masomo, msokoto unazunguka. Uliponifikia, rafiki yangu hakusema "vuta". Alinyoosha mkono tu huku akiendelea kusimulia habari za mpira, kama anayepitisha kiberiti. Ningekataa, hadithi ingekatika na macho yote yangenigeukia. Nikavuta ili yasinigeukie.

Ndiyo maana zile nasaha za "ukishurutishwa, kataa" hazikunisaidia kitu. Afadhali kijana awe na jibu jepesi mdomoni: "Kifua kinanibana," kisha aulize nani alifunga bao. Ni uongo, najua. Lakini msokoto unampita.

Si kila mvuta bangi huishia kwenye unga, yaani heroini. Sisi tuliishia. Sikujua nimenasa mpaka siku niliyoukosa: miayo haikatiki, kamasi zinachuruzika, jasho jembamba, mifupa inauma kama nimepigwa. Nikadhani mafua. Wenzangu wakacheka: "Hiyo arosto." Ndiyo mateso ya mwili ukikosa unga.

Nilipoacha, arosto ilinitesa kama wiki moja hivi, ikapungua. Kilichonishinda ni saa 10 jioni, saa ya kijiwe. Mara mbili nilirudi "kuwasalimia tu", na mara zote mbili nikatumia. Mara ya tatu nilikwenda kukaa kwa fundi baiskeli, mzee asiye na maneno mengi. Alinipa mnyororo na kitambaa, akasema nisugue. Nikasugua hadi giza likaingia. Kesho yake nikarudi.

Mzazi, ukimwambia mwanao "achana na hao", umemwambia abaki peke yake. Kwanza mtafutie pa kuwa saa hiyo.

Na hili nalisema bila kuzunguka: ukikaa miezi bila unga, mwili unapoteza ule uzoefu wa kuuhimili, na kipimo chako cha zamani kinaweza kukuua. Mmoja wetu aliacha miezi minne, akateleza siku moja tu. Tukabaki wanne. Ukiteleza, usijifungie chumbani kwa aibu. Mwambie mtu, maana pumzi ikianza kufifia kuna dawa, naloksoni, inayoweza kuirudisha ikiwahi.

Yule aliyenipitishia msokoto sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuachana na unga. Siku nyingine humsindikiza asubuhi akanywe dozi yake. Njiani tunabishana mpira.