Re: Kununua michoro ya Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) mjini Darwin, meli ikisimama masaa sita

Dada masaa sita yanatosha kabisa, kutoka gati la meli la Fort Hill Wharf mpaka mjini unatembea tu kwa mguu. Ila usikimbilie viduka vya sumaku za friji, mi nilinunua bumarengi, kile kijiti kilichopinda cha kurusha, nikajiona mjanja, kufika kabini nageuza nyuma nakuta kistika cha Indonesia, nilichoka! Mwaka 2019 mahakama ya Australia iliipiga kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 za huko kwa mchezo huohuo wa kuuza vitu vya Indonesia kama kazi ya Waaborijini. Uliza msanii nani, wa jamii gani, omba na cheti. Dijeridu, yale mabomba marefu ya kupuliza muziki, nyingi za kweli ni mkalitusi uliotobolewa na mchwa, zile nyepesi za bei chee achana nazo. Hela ikibana chukua kitambaa cha wasanii wa visiwa vya Tiwi, karibu na Darwin, hakijazi begi.