Re: Baba haoni, atafunguaje muziki kwenye simu?

Dada, baba yako hapo Masasi anaweza kujifungulia taarabu bila kumwita mjukuu. Kama simu ni Android, mwashie TalkBack (inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo) kwenye mipangilio, kisha Google Assistant (msaidizi anayepokea amri za sauti). Aseme "Hey Google, play taarab". Amri ni za Kiingereza, ila "play", "stop" na "next" zinamtosha. Majina ya wasanii wetu ndiyo kasheshe: unaomba taarabu, unaletewa kwaya!

Kusimamisha wimbo ni rahisi zaidi, tena hakuli bando: agonge kioo mara mbili haraka kwa vidole viwili. Akitaka uendelee, agonge vilevile. Mvua ikipiga bati, kama huku kwetu Mikindani, simu haimsikii. Mnunulie spika za masikioni zenye maiki.