Kukata jeni ya mgomba sio ishu, ishu ni zile nakala tatu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa tatu nasoma kilimo, kwetu Muleba. Darasani tumeambiwa CRISPR ni kama mkasi wa kukata jeni, kwenye mpunga na nyanya washafanya kitambo. Sasa kwa nini ndizi inasuasua? Na mjomba wangu mnyauko wa bakteria umemmalizia nusu ya shamba, asubiri hiyo mbegu au afanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huo mfano wa mkasi sio mbaya ila ndo unaowapoteza wanafunzi wengi, maana unakufanya uone kazi yote ni kukata. Kukata tunakata. Mgomba unakatika vizuri tu, watu wameanza kuonyesha hivyo tangu 2018 huko. Shida inaanza baada ya hapo.

Mpunga una seti mbili za kromosomu, ndizi nyingi tunazokula zina tatu, yaani 11 mara tatu, 33. Kwa hiyo kila jeni unayoitaka ina nakala tatu na saa nyingine zaidi, kwa sababu ukoo wa mgomba ulishajirudufu wenyewe zamani sana kwa hiyo unakuta jeni ina mandugu sehemu nyingine wanaofanana nayo na wanaweza kuifanyia kazi yake. Sasa tuseme unataka kuzima DMR6, hii ni jeni ambayo ikiwa inafanya kazi inaushusha ulinzi wa mmea, ukikata nakala mbili ukaacha moja, ile moja inaendelea kupiga kazi na mgomba unaugua kama kawaida. Lazima uzime zote tatu, tena kwenye seli moja.

Na hizo tatu hazifanani herufi kwa herufi! Hapa ndo watu wanaumia. Ndizi za AAB kama kisukari au mzuzu zina seti mbili za kutoka kwa babu mmoja na moja kutoka kwa babu mwingine kabisa, kwa hiyo ukitengeneza RNA elekezi, ile inayouonyesha mkasi mahali pa kukata (sisi maabara tunatania tunaiita gaidi), kwa kuangalia ramani ya DNA ya mtandaoni, kumbuka ile ramani ya kwanza ya 2012 ilitoka kwenye mgomba wa aina ya Pahang, sio huo ulionao mezani. Herufi moja tu ikitofautiana pale karibu na mahali pa kukata, nakala hiyo inaruka salama na we hujui. Ushauri wangu, usitengeneze chochote kabla hujasoma DNA ya aina yako mwenyewe. Kisha ukija kupima, PCR (njia ya kurudufu kipande cha DNA ili ukisome) inakuletea nakala zote tatu zimechanganyika, ile grafu inakuwa kama nywele zimevurugika, inabidi uzitenganishe moja moja ndo useme umefaulu.

Ndo maana watu huanza na jeni ya PDS. Ukiizima mmea unakosa rangi ya kijani, ukitoka mweupe wote ujue nakala zote zimeenda, ukitoka na mabaka meupe na kijani ujue seli zingine zimekatwa na zingine bado. Mabaka hayo yananisumbua kuliko kitu kingine, kwa sababu kwenye jeni isiyo na rangi huyaoni, unadhani una mche mzuri kumbe ni mchanganyiko.

Alafu kuna hili ambalo kwa maoni yangu ndo gumu kuliko yote na halisemwi sana. Kwenye mpunga ukishamaliza kukata unapanda mbegu zake, na kama jeni ya Cas9, yaani mkasi wenyewe, iliingia sehemu moja tu basi robo hivi ya watoto wanatoka bila ule mkasi, safi. Ngano ina seti sita na bado 2014 Wachina walipata ngano inayohimili ukungu kwa kuzima jeni moja kwenye seti zote, kwa sababu ngano ina mbegu, unachagua watoto. Ndizi utachagua nini? Vile vidoti vyeusi katikati ndo mbegu zenyewe, zimeshakufa. Seti tatu hazigawanyiki kwa mbili. Kwa hiyo mkasi ukiingia unakaa humo humo, na Kenya kwenye mwongozo wao wa 2022 wa mazao yaliyohaririwa jeni, moja ya vitu vikubwa vinavyoangaliwa ni kama kuna jeni ngeni imebaki. Njia ipo, unaingiza protini yenyewe bila DNA kwenye seli iliyovuliwa ukuta, ila kuiotesha seli moja hiyo mpaka iwe mgomba ni kazi ya uvumilivu, hata kuandaa tu seli za kuanzia kutoka kwenye maua machanga inaweza kula mwaka.

Sio kwamba hakuna matunda. Timu ya IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki) Nairobi ya Leena Tripathi 2019 walikata virusi vya michirizi vilivyolala ndani ya DNA ya Gonja Manjaya, vile vinavyoamka mgomba ukipata ukame, na robo tatu ya miche iliyohaririwa haikuonyesha dalili hata iliponyimwa maji. 2021 wakazima DMR6 kwenye Sukali Ndiizi, ikahimili mnyauko vizuri. Ukitaka kujifunzia we mwenyewe anza na mshale wa Kilimanjaro, huo una seti mbili tu, utapunguza kichwa kuuma.

Mjomba asisubiri. Mwambie aondoe lile ua dume la chini kwa panda ya mti, sio panga, mara tu chana ya mwisho ikishatoka, maana nyuki na wadudu ndo wanabeba bakteria pale. Shina likionyesha dalili alikate usawa wa ardhi hilo hilo peke yake, asing'oe kundi zima la mashina na machipukizi yake, na panga alisafishe kwa jik au alipitishe motoni kabla hajahamia mgomba mwingine. Na machipukizi ya jirani asichukue, hata akipewa bure.