Wazazi wekundu, mtoto wa kijani: maswali yenu kuhusu rangi za samaki wa tangini aitwaye mkia-upanga

Dume wangu mwekundu, jike wangu mwekundu, lakini vifaranga kama robo wametoka kijani. Wametokea wapi?

Wametoka kwa hao hao wazazi. Mkia-upanga wa porini, yule aliyepewa jina la kisayansi Xiphophorus hellerii mwaka 1848, ni wa kijani kibichi chenye mstari mwekundu au wa kahawia ubavuni. Anaishi kwenye mito kuanzia Mexico hadi Honduras. Wekundu mzito tunaoupenda uliingia kwa kiasi kikubwa kupitia ndugu yake, samaki aitwaye plati, wafugaji walipoanza kuwachanganya mwanzoni mwa karne ya 20.

Kila samaki hubeba nakala mbili za kila jeni, ile chembe ya urithi, moja ya mama na moja ya baba. Katika koo nyingi wekundu ni jeni tawala: nakala moja tu inatosha kumfanya samaki awe mwekundu, na ile ya kijani ikabaki imejificha. Wazazi wawili wa namna hiyo wakipandana, kwa wastani robo ya watoto hupata kijani kutoka pande zote mbili. Robo yako ndiyo hiyo.

Kuna maelezo mengine, na kabla ya kulaumu jeni yachunguze kwanza: jike alishapandwa kabla hujamnunua? Mkia-upanga huhifadhi mbegu za dume mwilini, na kwa pando moja anaweza kuzaa mara kadhaa, kila baada ya wiki nne hivi, kwa miezi mingi. Jike aliyekaa tangi moja na madume mchanganyiko hana baba wa watoto anayejulikana. Hesabu yoyote ya rangi inayoanza na jike wa namna hiyo ni kazi bure.

Sasa bikira nitampata vipi?

Umlee mwenyewe. Watenge vifaranga mapema, mara tu unapoona pezi la chini, lile la nyuma ya tumbo, likianza kukunjamana na kuwa jembamba kama kijiti. Huyo ni dume. Mwondoe siku hiyo hiyo. Ukichelewa kidogo tu, anakuwa ameshafanya kazi yake.

Nilimpandisha dume albino na jike mwekundu bikira. Vifaranga wote wana macho meusi. Muuzaji kanidanganya?

Hapana, muuzaji yuko sawa. Ualbino ni jeni fiche: hauonekani mpaka nakala zote mbili ziwe zake. Watoto wako wote wamebeba nakala moja moja, ndiyo maana macho ni meusi. Wapandishe wao kwa wao utegemee albino mmoja kati ya wanne. Au mrudishe binti kwa baba yake albino, uwapate nusu kwa nusu.

Usikate tamaa na uzao mdogo. Ukipata vifaranga wanane tu kutoka kwa wazazi wawili wabebaji, uwezekano wa kutomwona albino hata mmoja ni kama asilimia 10, na hilo hutokea. Wakiwa 20 na wote macho meusi, uwezekano huo unashuka chini ya asilimia moja. Hapo ndipo uanze kushuku kwamba mmoja wa wazazi si mbebaji.

Angalizo moja. Samaki wa rangi ya dhahabu mwenye macho meusi si albino. Ni jeni nyingine, fiche pia. Ukimpandisha dhahabu na albino ukitarajia weupe, utapata watoto wenye rangi kamili, kwa sababu kila mzazi anampa mtoto nakala nzima ya kile mwenzake alichokosa.

Chakula cha kuongeza rangi kinasaidia kweli?

Kwa wekundu na njano, ndiyo, kwa sehemu. Samaki hawezi kujitengenezea karotenoidi, zile rangi za wekundu na njano. Lazima azile, iwe kwenye spirulina (aina ya mwani), kamba wadogo au chakula kilichotiwa astaxanthini, ambayo ni karotenoidi mojawapo. Lakini chakula hakigusi jeni. Ukichagua wazazi, walinganishe waliolishwa chakula kimoja, la sivyo utakuwa unachagua mlo.

Nina dume wa mkia wa kinubi, mapezi marefu ajabu. Anawafukuza majike mchana kutwa lakini hakuna mimba.

Wala hatatia mimba, maskini. Jeni ileile inayorefusha mkia hurefusha pia kile kiungo chake cha kupandia, kikawa kirefu na laini mno, hakielekezeki. Njia ni kinyume chake: jike wa mkia wa kinubi kwa dume wa mkia wa kawaida kutoka ukoo mzuri. Jeni hii ni tawala, hivyo karibu nusu ya watoto watatoka na mkia wa kinubi. Wale ndugu zao wa mkia wa kawaida usiwadharau. Madume wao ndio watakaokuendeshea ukoo.

Shikamoo mwalimu. Nilichanganya plati wa madoa meusi na mkia-upanga wa kijani. Watoto walikuwa weusi wa kupendeza, nikawapandisha tena na mkia-upanga. Sasa baadhi wana uvimbe mweusi unaokula pezi la mgongo. Ni ugonjwa wa kuambukiza?

Marahaba. Hauambukizi wengine tangini. Huo ni saratani ya ngozi, melanoma, na umeirudia bila kujua mojawapo ya majaribio maarufu katika elimu ya urithi. Katika miaka ya 1920 wanasayansi Myron Gordon wa Marekani na Curt Kosswig wa Ujerumani waliona jambo hilo hilo, kila mmoja kwa upande wake.

Doa la plati linakwenda pamoja na jeni inayochochea seli nyeusi kuongezeka. Ilitambuliwa mwaka 1989 na inaitwa Xmrk. Ndani ya plati haimdhuru kwa kawaida, kwa kuwa kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) nyingine ana jeni mlinzi inayoizuia. Mkia-upanga hana mlinzi huyo. Mtoto wa kwanza wa mchanganyiko anapata mlinzi nusu, doa linatanuka, na wewe unaona uzuri. Ukimrudisha kwa mkia-upanga, nusu ya vifaranga hawapati doa kabisa, robo wanalipata pamoja na mlinzi, na robo ya mwisho wanapata doa bila mlinzi. Hao ndio wenye uvimbe.

Kwa hiyo usiwapandishe wenye uvimbe, hata awe mweusi kuliko wote. Anayeshindwa kuogelea au kula asiachwe ateseke. Ukitaka kuendelea na weusi, warudishe wenye doa tulivu upande wa plati, si upande wa kijani. Mimi binafsi sipendi kuona samaki wa madoa mazito wakiuzwa kwa wanaoanza bila neno lolote la tahadhari. Gordon alianzisha mkusanyiko wa koo za samaki hawa mwaka 1939, na hadi leo zinatunzwa katika Texas State University kwa utafiti, ikiwemo wa saratani.

Jike wangu ameota upanga, ile ncha ndefu ya mkia wa madume! Amegeuka dume?

Je, amewahi kuzaa? Kama hajazaa, yaelekea alikuwa dume tangu mwanzo. Mkia-upanga wana madume wa mapema na madume wa kuchelewa. Hawa wa pili hukua wakubwa, wanafanana na majike kwa miezi mingi, kisha ghafla upanga unatoka. (Ndiyo, ni hao hao wanaoharibu tangi lako la mabikira. Kila wiki likague.) Kama alikuwa akizaa na sasa amezeeka, ni homoni zimeyumba, ataonekana dume, ila usitarajie kumpata kama baba.

Dume akishakomaa karibu aache kukua. Mfugaji anayetumia kila mara dume wa kwanza kuota upanga anachagua ufupi bila kukusudia, halafu baada ya vizazi kadhaa anashangaa samaki wake wamekuwa vidole. Subiri wale wa kuchelewa.

Kaka na dada nawapandisha hadi kizazi cha ngapi?

Hakuna namba moja. Tazama uzao: vifaranga wakipungua, migongo ikipinda, majike wakifa wakizaa, umeshachelewa. Ni afadhali kuendesha matangi mawili ya ukoo mmoja bila kuyachanganya, kisha kila baada ya vizazi vichache ukavusha dume kutoka hili kwenda lile. Na andika: mama, baba, tarehe, wangapi wa rangi gani, pamoja na wale uliowatoa.