Mluzi wa asubuhi na kugonga mlimani

Pole kaka, umeniuliza kwa nini gari lako linapiga mluzi asubuhi na kugonga ukipanda mlima. Gari kupiga mluzi ukiliwasha asubuhi, kisha kunyamaza likipata moto, mara nyingi ni mkanda wa alternata, ile mashine inayochaji betri. Usikubali fundi afungue injini kabla hajaukagua. Injini ikiunguruma, aunyunyizie maji kidogo, mikono ikae mbali: mlio ukizidi, mkanda umelegea; mlio ukikata kwa muda, huenda puli, yale magurudumu yanayopitisha mkanda, hazijanyooka.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo "ngo ngo ngo" unayosikia ukipanda kilima cha Bugando, Mwanza. Huenda oili imepungua, kwa hiyo ipime leo, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa. Ikiwa chini ya alama, ongeza kabla ya kuwasha. Na taa ya oili ikiwaka njiani, hata katikati ya Barabara ya Kenyatta, egesha uzime hapohapo, gari livutwe. Kama umebeba watoto, wapande daladala.